Msimu wa maembe: kwa nini mwembe hausomi kalenda

Miembe miwili imesimama katika ua mmoja, udongo mmoja, mvua moja. Mmoja umefunikwa maua hadi majani hayaonekani. Wa pili umetoa majani mapya tu, laini, ya rangi ya shaba, kana kwamba habari za msimu hazijaufikia. Mwaka jana ilikuwa kinyume: huu wa majani ndio uliokuwa umeinamisha matawi hadi chini, na mwenye mti akigawa maembe kwa ndoo. Uliza sababu, utapewa majibu tele. Mti umechoka. Mti umeonewa kijicho. Mvua imeuharibu. Mti umezeeka. Katika hayo manne, mawili yana ukweli mwingi kuliko wanavyodhani hata wanaoyasema.

Tunataja "msimu wa maembe" kama vile ni chumba chenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kumbe ni saa tatu zinazogonga kwa zamu: saa ya ua, saa ya tunda likiwa mtini, na saa ya tunda likishachumwa. Kila saa ina mambo yake ya kuiharakisha na ya kuichelewesha. Anayelalamika kwamba embe lake jekundu ni chachu, anayeshangaa embe lililokaa wiki nzima kwenye friji bila kuiva, na anayefika kwenye tamasha la maembe akakuta aina aliyoifuata imekwisha mwezi uliopita, wote wamechanganya saa moja na nyingine.

Uamuzi wa ncha ya kitawi

Mwembe haukui mfululizo kama mgomba. Hukua kwa mikupuo. Ncha za vitawi hutoa majani kwa ghafla, zikalala wiki au miezi, kisha zikaamka tena. Kila ncha inapoamka huwa na jambo moja la kuamua: majani au maua. Msimu mzima, pamoja na ngoma na maturubai ya tamasha litakalofuata, huanzia kwenye uamuzi huo wa kichipukizi kisichozidi ncha ya kidole.

Kinachoamua ni baridi, ukame na umri wa kitawi. Pembezoni mwa tropiki, kama kaskazini mwa India au Florida, wiki kadhaa za usiku wenye baridi ya chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi hutosha kuzigeuza ncha zilizolala ziwe za maua. Karibu na Ikweta baridi hiyo haipo, hasa nyanda za chini. Huko kinachohesabika zaidi ni umri. Kitawi kilichokaa miezi minne au mitano bila kutoa majani mapya kina nafasi kubwa ya kuchanua kitakapoamka. Ukame husaidia kwa kuzunguka: unauzuia mti usitoe majani, na vitawi vikapata muda wa kukomaa.

Hapo ndipo lawama dhidi ya mvua inapopata mashiko. Kiangazi kikikatizwa na mvua nzito kabla vitawi havijakomaa, ncha huamka mapema na kutoa majani, na nafasi ya maua inakuwa imepotea kwa miezi. Kwa hiyo mwaka wenye mvua nyingi, unaofurahisha mahindi na malisho, unaweza kuwa mwaka mbaya wa maembe. Mwembe ni mti wa ajabu kwa namna hii: hulipa vizuri baada ya kunyimwa.

Hii pia ndiyo sababu ya tofauti ambayo wasafiri huiona bila kuielewa. Kadiri unavyosogea mbali na Ikweta, ndivyo msimu unavyobanwa, kwa kuwa baridi huiamrisha miti yote kwa pamoja. Kadiri unavyoikaribia, ndivyo msimu unavyolegea. Unaweza kukuta mwembe mmoja una maua upande wa mashariki, maembe madogo upande wa magharibi na majani machanga juu kileleni. Mti huo hauumwi. Haujapata tu amri moja inayosikika na matawi yote.

Maua yenyewe huja kwa mashada, na shada moja hubeba mamia hadi maelfu ya maua madogo yenye harufu tamu nzito. Mengi ni madume matupu yasiyoweza kuzaa kitu. Machache yana jinsi zote mbili, na hata hayo hutegemea wachavushaji ambao hawasifiwi: nyuki wamo, lakini kazi kubwa mara nyingi hufanywa na nzi. Anayepulizia dawa ya wadudu wakati mwembe umechanua anawafukuza vibarua wake mwenyewe. Mwisho wa hesabu, chini ya ua moja katika kila mia ndilo hufika kuwa embe lililokomaa.

Kati ya ua na tunda kuna maadui wawili, magonjwa ya ukungu, ambao kila mkulima wa maembe anawajua. Chule hupenda unyevunyevu. Mvua au umande mzito wakati wa maua huyafanya mashada yawe meusi kama yaliyobabuliwa na moto. Ubwiri unga hupenda hewa kavu yenye ubaridi, nao huyapaka maua vumbi jeupe hadi yakauke. Kwa maneno mengine, hali ya hewa ikimkimbiza mmoja huenda ikamkaribisha mwenziwe. Baada ya hapo huja kupukutika kwa matunda machanga, yale maembe ya ukubwa wa njegere au yai la kware yanayotandaza ardhi chini ya mti na kuwatia watu huzuni. Huzuni hiyo haina haja. Mti hutunga matunda mengi kuliko unavyoweza kuyalisha, kisha hujipunguzia mzigo wenyewe.

Mti umechoka

Kauli kwamba mti umechoka ni ya kisayansi kuliko inavyosikika. Aina nyingi za maembe huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Sababu zinashikana. Mzigo mkubwa wa matunda humaliza akiba ya wanga iliyokuwa kwenye matawi na mizizi. Mbegu zilizomo ndani ya matunda hutoa homoni ambazo huzuia vichipukizi vya jirani visigeuke kuwa vya maua. Na matunda yakichelewa kuchumwa, mti hukosa muda wa kutoa vitawi vipya na kuvikomaza kabla ya msimu mwingine. Mti uliolea maembe elfu moja hauna pa kuchota mwaka wa pili.

Si aina zote zilizo hivyo. Katika maembe ya India, Langra na Dashehari zina sifa ya kuruka mwaka, ilhali Neelum huzaa karibu kila mwaka. Watafiti wa Delhi waliziozesha Dashehari na Neelum, na mwaka 1971 wakatoa Amrapali, mwembe mfupi unaozaa kila mwaka na unaoweza kupandwa kwa kubanana. Kwa macho yangu hiyo ni mojawapo ya ndoa zilizofanikiwa zaidi katika historia ya matunda, japo Amrapali yenyewe ina jina dogo nje ya nchi yake.

Wapo waliotafuta njia ya kuuamsha mti badala ya kuubadilisha. Nchini Ufilipino, wakulima wa zamani walikuwa wakiwasha mioto ya moshi chini ya miembe, mchana na usiku, kwa siku na hata wiki, hadi mti uchanue. Ilionekana kama ushirikina mpaka ilipofahamika kwamba moshi una ethilini, gesi ambayo mimea huitumia kupeana taarifa za kukomaa na kuchanua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa huko, Ramon Barba, aligundua kwamba kunyunyizia miembe maji yenye nitrati ya potasiamu, chumvi ambayo watu waliijua kwenye mbolea na baruti, hufanya kazi hiyo bila moshi wala mkesha. Vitawi vikiwa vimeshakomaa, maua huonekana baada ya wiki moja au mbili hivi. Mwaka 2014 nchi yake ilimpa cheo cha Mwanasayansi wa Taifa, na mbinu yake ilikuwa imeshaenea tropiki nzima.

Bonde la mto São Francisco, katika ukanda mkavu wa kaskazini-mashariki mwa Brazil, limeipeleka hatua hiyo mbali zaidi. Huko mvua ni haba na maji hutoka mtoni kwa mabomba. Mkulima humwagia shina dawa ya kuzuia ukuaji wa majani, hukata maji ili mti uone kiu, kisha hupuliza nitrati, na mti hutii. Kwa kupanga mashamba kwa zamu, bonde hilo huchuma maembe mwezi wowote wa mwaka. Ni kazi ya ustadi usio na ubishi. Ila nikiri kwamba embe lisilo na msimu hunipa shaka ileile ninayopewa na jogoo anayewika saa nane mchana.

Dunia nzima kwa mzunguko

Kwingineko kalenda bado ina maana. Afrika Magharibi, kuanzia Senegali hadi Burkina Faso na kaskazini mwa Côte d'Ivoire, maembe hupamba moto kati ya Aprili na Julai, na zile mvua za mapema zinazotangulia masika huitwa huko mvua za maembe. Jina kama hilo lipo kusini mwa India kwa manyunyu ya kabla ya monsuni, zile mvua kubwa za msimu. Ufilipino na Thailand kilele ni Machi hadi Juni. Karibiani huingia Mei na kuendelea hadi Agosti. Kusini mwa Ikweta mambo hugeuka: Kenya na Tanzania ni takriban Novemba hadi Machi, Peru vilevile, na kaskazini mwa Australia huanza Septemba. Mjini Darwin maembe huiva katika wiki za fukuto zito kabla mvua hazijafunguka, kipindi ambacho watu hukosa usingizi na subira, na wenyeji huuita wazimu wa wakati huo kwa jina la tunda hilo.

Kukomaa si kuiva

Kutoka ua hadi embe lililokomaa ni miezi mitatu hadi mitano kutegemea aina na joto. Neno la kushika hapa ni kukomaa. Embe lililokomaa limemaliza kujenga: kokwa limekuwa gumu, wanga umejaa. Embe lililoiva limeanza kutumia: wanga umegeuka sukari, ukali umepungua, nyama imelainika, harufu imetoka. Embe huweza kuiva nje ya mti, lakini haliwezi kukomaa nje ya mti. Lililochumwa changa litalainika, litakunjamana, huenda hata likageuka njano, ila utamu hautakuja kwa sababu wanga wa kugeuzwa haukuwekwa. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumfundisha mnunuzi wa maembe, ni hili.

Dalili za kukomaa zipo wazi kwa anayejua pa kutazama. Mabega ya embe, pale pembeni mwa kikonyo, hujaa na kuinuka hadi kikonyo kionekane kimekaa katika kibonde. Mashavu hufutuka. Ukilikata, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa njano hata kama ngozi bado ni kijani kibichi. Na ukilitia ndani ya maji, changa huelekea kuelea na lililokomaa huelekea kuzama. Wachumaji wenye uzoefu hawahitaji beseni. Mkono wao unajua uzito.

Rangi nyekundu haimo katika orodha hiyo, na wala isiwemo. Wekundu wa embe ni kazi ya jua juu ya ngozi. Upande uliotazama jua huwa mwekundu, upande uliojificha kwenye majani hubaki kijani, na utamu hauangalii upande. Aina nyingi zinazopendwa sana haziwi nyekundu kamwe. Tulivyofikia kuamini wekundu ni hadithi ya mti mmoja: mwaka 1902 kapteni mstaafu wa jeshi aitwaye John Haden alipanda mbegu za embe la Mulgoba, aina iliyotoka India, karibu na Miami. Moja ya miche hiyo ilizaa mwaka 1910, embe kubwa lenye shavu jekundu lisilo na mfano. Mzao wake mmoja, Tommy Atkins, ana ngozi ngumu, huvumilia safari ya meli na hupendeza rafuni, na kwa miongo mingi ndiye aliyetawala biashara ya kimataifa. Nyuzinyuzi zake hubaki kwenye meno. Mamilioni ya watu wasioishi kwenye tropiki wanadhani embe ni hilo.

Baada ya kuchumwa ndipo saa ya tatu inapoanza. Embe lenyewe hutoa ethilini, na gesi hiyo huliharakisha embe hilo na majirani zake. Kuvundika, desturi ya kuyafukia maembe katika majani, majivu, nafaka au kuyafunga gunia na kuyafunika, ni kuifungia gesi hiyo isitoroke na kuhifadhi joto. Ukitaka haraka zaidi, weka ndizi iliyoiva ndani ya mfuko huohuo wa karatasi. Wafanyabiashara wasio na subira hutumia kabaidi ya kalsiamu, ambayo ikikutana na unyevu hutoa asetilini, gesi ileile ya kuchomelea vyuma. Asetilini huiga ethilini na ngozi hugeuka njano upesi, lakini kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ndiyo maana India na nchi nyingine zimepiga marufuku kuivishia matunda. Embe lenye njano ya kupakwa, sare kila upande, lisilonukia chochote penye kikonyo na gumu ndani, linastahili kushukiwa.

Friji nayo ina makosa yake. Embe ni tunda la joto. Likiwekwa chini ya nyuzi 12 hivi kabla halijaiva, chembe zake huumia: ngozi hupata madoa ya kijivu, na hata ukilitoa halitaiva sawasawa. Liache mezani mpaka linukie na kulegea kidogo ukilibonyeza, ndipo friji itakusaidia kulizuia siku chache. Usilipange pia kwa kubana. Lililo chini ya rundo hufa kwanza.

Na kabla sijasahau utomvu. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na vilevile na ule mmea wa Marekani unaowasha watu ngozi. Maji yanayotoka kikonyo kinapovunjika huweza kuunguza ngozi ya embe na kuwasha midomo ya mlaji. Wachumaji makini huacha kikonyo kirefu, kisha hukikata baadaye na kuliinamisha embe hadi utomvu uchuruzike. Mtu anayewashwa kila anapokula embe mara nyingi hana ugomvi na nyama bali na ganda. Amenyewe na mtu mwingine, mikono yake ikae mbali, na huenda akala kwa amani. Kupopoa kwa mawe, mchezo wa watoto usio na umri, huvunja vitawi ambavyo ndivyo vingechanua mwakani.

Kwa nini kuna aina nyingi hivyo

Hapa pana fundo ambalo bila kulifungua matamasha hayaeleweki. Maembe yamegawanyika katika koo mbili kubwa kwa tabia ya mbegu. Maembe ya asili ya India kwa kawaida yana kiinitete kimoja kilichotokana na uchavushaji, basi mche wake ni mtoto wa wazazi wawili na hakuna ajuaye atafanana na nani. Maembe mengi ya Asia ya Kusini-mashariki, kama Carabao la Ufilipino na Nam Dok Mai la Thailand, yana viinitete kadhaa katika kokwa moja, na vingi ni nakala halisi ya mama. Ukipanda kokwa la Carabao utapata Carabao. Ukipanda kokwa la Alphonso utapata bahati nasibu.

Ndiyo maana Alphonso, aina iliyopewa jina la Mreno Afonso de Albuquerque, haina njia ya kuendelea ila kwa kubebeshwa: kitawi chake hufungwa juu ya mche wa mwembe mwingine. Na ndiyo maana India, ambako watu wamelima tunda hili kwa maelfu ya miaka na ambako zaidi ya theluthi ya maembe ya dunia hutoka hadi leo, ina aina zinazohesabiwa kwa mamia na zaidi. Kila kokwa lililotupwa nyuma ya nyumba lilikuwa jaribio jipya. Nyingi zilikuwa chachu. Chache zilipewa majina.

Tamasha linafanya nini hasa

Tunda linalokuja kwa wingi mara moja na kuoza ndani ya wiki huwalazimisha watu kukusanyika. Nafaka husubiri ghalani, embe halisubiri. Ukiondoa nyimbo na mashindano ya urembo, tamasha la matunda ni jibu la swali hilo moja: tutayafanya nini yote haya kwa pamoja? Majibu hutofautiana.

Delhi, ambako maonyesho makubwa ya maembe yamekuwa yakifanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, jibu ni meza. Meza ndefu zenye mamia ya aina, kila moja na kibandiko cha jina, kuanzia embe lenye ukubwa wa limau hadi lile linalohitaji mikono miwili. Ni sajili inayonukia. Mwenye shamba dogo lenye aina ya babu yake huileta, huonekana, na pengine mtu huomba kitawi cha kubebesha. Lakini saa ya ua haikubali kubembelezwa: maonyesho haya kwa kawaida huwa Julai, wakati Langra na Chausa wa kaskazini wananukia, na Alphonso wa pwani ya magharibi, aliyeanza Aprili, msimu wake umeshafungwa na monsuni. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya Alphonso amekuja kwenye harusi baada ya bibi harusi kuondoka.

Guimaras, kisiwa kidogo cha Ufilipino kilichokuwa mkoa kamili mwaka 1992, jibu ni kula. Katika tamasha lake la Manggahan, kati ya Aprili na Mei, watu huingia kwa zamu, hupewa nusu saa, na hula wanachoweza. Nyuma ya sherehe hiyo kuna ulinzi mkali: ni marufuku kuingiza kisiwani embe lolote kutoka nje, ili fukusi wa kokwa na wa nyama wasipate mlango. Kisiwa kinachokaribisha kila mtu hakikaribishi embe la mtu yeyote. Wanaoshangazwa na ukaguzi bandarini wakumbuke kwamba bila huo hakungekuwa na tamasha.

Nevis, katika Karibiani, jibu ni jikoni. Mapema Julai wapishi hushindana kuitia embe kila sahani, kuanzia mchuzi wa samaki hadi kitindamlo, na aina za kisiwani kama Julie na Amory Polly hupata jukwaa ambalo maduka hayawapi. Bustani ya Fairchild huko Coral Gables, Florida, jibu ni maktaba hai: ina mkusanyiko wa miembe kutoka nchi nyingi, na tamasha lake huwawezesha watu kuonja wasichoweza kukinunua popote. Chanthaburi nchini Thailand hailiweki embe mbele. Mei na Juni ni zamu ya duriani, mangostini na shokishoki, na kisiwa cha Camiguin nchini Ufilipino husubiri hadi Oktoba kusherehekea tunda lake dogo la lanzones. Miti hiyo nayo ina saa zake.

Waandaaji wengi hupanga tarehe mwaka mzima kabla, na hapo ndipo kalenda na mti huachana. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usiulize tamasha ni lini bali aina unayoitaka huiva lini, kisha tazama kama tarehe zinakutana. Fika asubuhi, maana maembe ya maonyesho hushikwashikwa hadi jioni yakachoka. Nunua ya hatua tatu: ya kula leo, ya keshokutwa na ya wiki ijayo. Nusa penye kikonyo, si ubavuni. Na ukikuta tamasha lina jukwaa kubwa la muziki na meza moja tu ya matunda, furahia muziki.

Mgeni mmoja huhudhuria bila mwaliko. Nzi wa matunda hutoboa ngozi ya embe na kutaga mayai chini yake. Funza hula ndani huku nje pakiwa salama, kisha embe huanguka na funza huingia udongoni kujigeuza. Aina hatari zaidi, yenye asili ya Asia, iligunduliwa Kenya mwaka 2003 na ndani ya miaka michache ilikuwa imeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Dawa pekee haimalizi kazi. Kinachosaidia ni kuokota kila embe lililoanguka na kulifungia katika mfuko mweusi juani, kutega madume kwa harufu inayowavuta, na, jambo linalonifurahisha, kuwaacha majimoto mtini. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota humfanya mchumaji acheze bila ngoma, lakini utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kwamba nzi huepuka kutaga kwenye matunda ambayo majimoto hao wamepita.

Maembe ya ziada huchemshwa, hukaushwa, hukamuliwa au hutiwa chumvi. Hili si jambo la jana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alilishwa wali uliosindikizwa na achari, na katika achari hizo kulikuwa na embe. Alieleza kwa wasomaji wasiolijua tunda hilo kwamba lina kokwa, kwamba likiiva ni tamu sana, na kwamba likiwa bichi ni kali kama limau na huhifadhiwa kwenye siki. Karne saba baadaye maelezo yake hayana cha kurekebishwa.

Siku embe la mwisho linapochumwa, mkulima mzoefu haendi kupumzika. Huleta msumeno, hukata ncha zilizozaa, na kuupa mti maji na mbolea. Wiki chache baadaye majani ya rangi ya shaba hutokea kila mahali, yakining'inia kama nguo mbichi, halafu taratibu hugeuka kijani na kukakamaa. Mpita njia husema mti huu hauna kitu. Miezi ya vitawi hivyo imeshaanza kuhesabiwa.